Zimwi la Githurai si mtoto wako

Filamu ya kutisha kuhusu vijana na mihadarati inaweza kufungua macho ya familia nzima. Lakini ikimgeuza mraibu kuwa shetani, itamuua mara ya pili.

WAHENGA walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ni methali inayotuliza moyo. Lakini kwa mzazi anayelea vijana Kiuu, Githurai, Ruiru au Thika, mihadarati imeipindua juu chini. Anayemuuzia kijana bangi si mgeni kutoka mbali. Ni jirani ambaye kijana humwita kwa jina. Aliyemwonjesha kikombe cha kwanza cha pombe haramu ni rafiki aliyeketi naye dawati moja shuleni. Zimwi hili lamjua mtoto, lajua baba yake hurudi saa ngapi, lajua hata siku mama anapopokea mshahara. Na bado lamla likammaliza.

Si ajabu basi kwamba kijana mwenye hamu ya kutengeneza filamu, akitafuta hadithi ya kutisha inayofanana na mtaa wake, hujikuta akiyaweka mambo mawili katika chungu kimoja: mihadarati anayoiona kila siku kichochoroni, na masimulizi ya mazimwi, majini na mizimu aliyosikia kwa nyanya yake. Wazo hilo ni zuri. Linaweza kuzaa sinema inayotazamwa na baba, mama na watoto wakiwa wameketi pamoja, jambo ambalo kitabu cha maonyo au hotuba ya chifu haliwezi.

Hata hivyo, kuna swali moja ambalo mtengenezaji wa filamu ya namna hiyo hawezi kulikwepa, na mzazi anayeitazama hana budi kuliuliza: katika hadithi hii, zimwi ni nani? Jibu la swali hilo ndilo huamua kama filamu itaokoa mtu au itampeleka kaburini mapema.

Mtaa wa hadithi nyingi

Kiuu ni mojawapo ya wadi za eneo bunge la Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, mahali ambapo Nairobi inaishia na Kiambu inaanza bila mtu kuona mpaka. Reli ya kwenda Thika na Nanyuki yapita karibu. Barabara kuu ya Thika, yenye urefu wa kilomita 50 hivi na iliyozinduliwa rasmi mwaka 2012, imeufanya mtaa huu kuwa chumba cha kulala cha maelfu ya watu wanaofanya kazi jijini. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu wapatao 239,000 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ilihesabu zaidi ya 490,000. Kwa miaka kumi tu, idadi imeongezeka maradufu.

Watu hao hawakuja na vitanda na sufuria peke yake. Walikuja na hadithi. Aliyetoka Nyanza au Kisii anawajua wachawi wanaokimbia usiku wakiwa uchi na kutupa mawe juu ya mabati. Aliyeishi Mombasa ana kisa cha mwanamke mrembo wa ajabu ambaye, ukitazama chini, utaona miguu yake ni kwato. Mzee kutoka Murang'a atakuambia habari za irimu, zimwi la Wakikuyu lenye mdomo wa pili kisogoni. Watoto wa ploti moja husikia yote hayo katika jioni moja ya stima kupotea.

Eneo lenyewe pia lina masimulizi yake. Thika ilikuwa na mugumo mashuhuri. Inasimuliwa kwamba Mugo wa Kibiru, mtabiri wa Wakikuyu aliyeishi kabla ya ukoloni kushika mizizi, alisema mti huo ungeanguka siku ambayo utawala wa wageni ungekwisha. Wazungu, kwa mujibu wa masimulizi hayo, waliuzungushia kizuizi ili usianguke. Mti ukaanguka, na Kenya ikapata uhuru mwaka 1963. Hadi leo kuna bustani mjini Thika inayobeba jina la mti huo. Na ni mtoto gani wa sehemu hizi ambaye hajaambiwa kwamba ukiuzunguka mugumo mara saba utageuka, mvulana awe msichana na msichana awe mvulana?

Nairobi nayo ilikuwa na mumiani wake. Enzi za ukoloni, watu wengi wa Afrika Mashariki waliamini kwamba wazimamoto walikuwa wakiwakamata watu usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White alikusanya visa hivyo kutoka Kenya, Uganda na kwingineko, akavichapisha katika kitabu mwaka 2000. Alichosisitiza ni kwamba uvumi wa aina hiyo hauzuki hivi hivi tu. Watu hueleza kwa lugha ya mumiani mambo ambayo kweli yanawanyonya: ajira mbaya, serikali wasiyoielewa, wageni wenye magari na sare. Mumiani si ukweli, lakini anaonyesha mahali penye kidonda.

Ndivyo zilivyo hadithi zote za kutisha. Zinaonyesha mahali penye kidonda. Mtu akitaka kujua kidonda cha Kiuu kilipo, hana haja ya kutafuta sana. Utafiti wa kitaifa uliotolewa na shirika la NACADA kuhusu hali ya mwaka 2022 ulikadiria kwamba Mkenya 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia angalau kileo au dawa moja, wengi wao wakiwa wanywaji wa pombe. Watumiaji wa bangi walikadiriwa kuwa zaidi ya nusu milioni.

Giza halilipiwi

Kwa nini filamu ya kutisha, wala si ya mapenzi au ya polisi na majambazi? Jibu moja ni pesa. Filamu ya majambazi inahitaji magari, bunduki za bandia na kibali cha kufunga barabara. Filamu ya kutisha inahitaji chumba kimoja, taa hafifu na sauti ya mlango unaofunguka wenyewe. Giza halilipiwi. Kinachomtisha mtazamaji zaidi ni kile asichokiona, na asichokiona hakigharimu senti.

Ushahidi upo. Mwaka 1968 kijana wa Marekani aitwaye George Romero alitengeneza Night of the Living Dead karibu na mji wa Pittsburgh kwa dola 114,000 hivi, pesa kidogo mno kwa sinema ya wakati huo. Wafu wanaotembea wakaenea dunia nzima kutoka nyumba moja ya shambani. Mwaka 1999 Daniel Myrick na Eduardo Sánchez walitoa The Blair Witch Project. Walibuni hekaya ya mchawi wa kijiji, wakawapa waigizaji watatu kamera na kuwaingiza msituni wajirekodi wenyewe. Filamu hiyo iliingiza karibu dola milioni 250. Hakuna mahali popote ndani yake ambapo mchawi huyo anaonekana.

Afrika nayo haikubaki nyuma. Nchini Nigeria, Living in Bondage ya mwaka 1992, iliyouzwa kwa kanda za video, ilisimulia kisa cha mwanamume anayemtoa mkewe kafara ili atajirike, kisha roho ya mke huyo ikawa haimpi usingizi. Filamu hiyo ndiyo aghalabu hutajwa kama mwanzo wa soko la sinema za Nollywood. Dar es Salaam, miaka ya mwanzo ya 2000, mwelekezaji Mussa Banzi aliwatia watazamaji hofu kwa Kiswahili katika filamu kama Nsyuka na Shumileta, akitumia majini na mizimu ambayo kila mtu nchini humo alikuwa amesikia habari zake.

Hapa kwetu, Wanjiru Kinyanjui aliuweka mugumo katikati ya filamu yake The Battle of the Sacred Tree mwaka 1995, japo yeye alichagua kuchekesha badala ya kutisha. Mwaka 2016 Mbithi Masya alitoa Kati Kati, kuhusu watu waliokufa na kukwama mahali pamoja hadi kila mmoja akabili jinsi alivyokufa. Haina damu inayoruka wala meno marefu, lakini mtazamaji hutoka akiwa kimya. Ilipata tuzo ya wahakiki katika tamasha la Toronto mwaka huohuo.

Kwa hiyo kijana wa Kiuu mwenye simu yenye kamera nzuri hana sababu ya kuona haya. Ana mabomba ya maji machafu, ana ngazi za ploti ya orofa sita zisizokuwa na taa, ana reli inayotetemesha vikombe usiku. Alichobakiza ni kuamua atamtisha nani, na kwa nini.

Woga uliogeuka kicheko

Hapa ndipo wengi huteleza. Mtu akiamua kutunga filamu dhidi ya mihadarati, hisia ya kwanza ni kutia chumvi. Kijana avute bangi mara moja, macho yageuke mekundu kama ya fisi, amchinje dada yake, kisha ajirushe kutoka orofani. Mtazamaji atishike, asiguse bangi maisha yake yote. Basi.

Njia hiyo ilijaribiwa zamani. Mwaka 1936 huko Marekani ilitolewa filamu ambayo mwanzoni iliitwa Tell Your Children, baadaye ikafahamika kama Reefer Madness. Nia yake ilikuwa kuwaonya wazazi kuhusu bangi. Ndani yake vijana wanavuta, wanacheka kama wenda wazimu, wanaua na wanajiua, yote kwa muda mfupi. Miaka ya 1970 wanafunzi wa vyuo vikuu waliifufua filamu hiyo na kuitazama usiku wa manane ili wacheke. Walikuwa wamewaona wenzao wakivuta na hawakuona mauaji yale. Walipogundua kwamba wamedanganywa katika jambo moja, waliacha kusikiliza hata lile la kweli.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwani lile la kweli lipo. Bangi, hasa inapotumiwa sana na mtu angali mdogo, huongeza hatari ya maradhi ya akili, na huharibu umakini na kumbukumbu ya mwanafunzi. Huo ni ukweli wa polepole. Hauna kisu wala mayowe. Lakini kijana aliyekwisha kucheka sinema ya uongo atausikia ukweli huo kwa sikio gani?

Miongozo ya kimataifa ya kinga dhidi ya mihadarati, ambayo Umoja wa Mataifa ulianza kuichapisha mwaka 2013, inasema wazi kwamba kuwatisha vijana peke yake hakuzuii matumizi. Kinachosaidia ni malezi ya karibu, stadi za maisha zinazofundishwa kwa mazoezi, na shule ambayo mtoto anajiona ni wa pale. Filamu basi haiwezi kuwa chanjo. Inachoweza ni kuanzisha mazungumzo ambayo nyumba nyingi huyaogopa. Na mazungumzo hayaanzi kwa uongo.

Anayeona vivuli

Jambo la ajabu ni kwamba mtunzi hahitaji kutia chumvi. Mihadarati yenyewe, ikielezwa ilivyo, inatisha kuliko zimwi.

Chukua pombe haramu. Mnamo Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Mukuru jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methano, na wengine wakapofuka. Mei 2014 makumi ya watu wakafa katika kaunti kadhaa, Kiambu ikiwamo. Februari 2024 ikawa zamu ya kijiji cha Kangai, Kirinyaga. Methano hainuki tofauti sana na pombe ya kawaida. Mtu hunywa, hulala, huamka. Saa kadhaa baadaye mwili huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho, na mchana wa jua kali ukageuka usiku kwa mtu mmoja huku wenzake wakiona kawaida. Ni hadithi gani ya majini inayoshinda hiyo?

Chukua tembe ambazo mitaani huitwa bugizi. Ni dawa za usingizi zinazofuta kumbukumbu. Kijana huamka asubuhi na tope viatuni na damu kwenye shati, asijue alikuwa wapi wala alimfanya nini nani. Wazee wa kale wangesema alichukuliwa na pepo.

Chukua heroini. Saa chache baada ya dozi ya mwisho kwisha nguvu, arosto huanza: miayo, makamasi, jasho la baridi, kutapika, mifupa kuuma kana kwamba inasagwa. Kijana huyo hatafuti tena raha. Anakimbia maumivu, na anayemkimbiza yumo ndani ya ngozi yake.

Na chukua mnywaji wa miaka mingi anayeamua, au analazimishwa, kuacha pombe ghafla. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kutetemeka mwili mzima, kupata kifafa, na kuona wadudu ukutani au watu wasiokuwapo chumbani. Atawanyooshea kidole na kuwaita kwa majina.

Msomaji, tafakari kinachotokea katika nyumba nyingi wakati huo. Mama aliyekua akisikia habari za majini, anamwona mwanawe akizungumza na kona tupu ya chumba. Atadhani nini? Atamwita nani? Aghalabu hataita daktari. Atapelekwa kwa mganga, au atafungwa kamba aombewe usiku kucha, au atafungiwa chumbani mpaka pepo litoke. Maombi si kosa, na wengi wamepata nguvu kutoka kwa imani yao. Lakini kuacha pombe ghafla baada ya ulevi mkubwa ni hatari inayoweza kuua, na hospitali ina dawa za kuuzuia mtetemeko huo na kifafa hicho. Kila saa inayopotea kwa kumfukuza pepo ni saa iliyoondolewa kwenye matibabu.

Hapo ndipo filamu inayochanganya mihadarati na masimulizi ya kale hubeba dhamana kubwa. Ikionyesha kwamba kijana yule kweli aliingiwa na jini, na kwamba dawa yake ni kumpiga, kumfukuza au kumchoma moto, basi itakuwa imemfundisha mama yule jambo ambalo linaweza kumgharimu mwanawe. Na watazamaji wa mtaani, waliozoea kuona mwizi akivishwa tairi, hawahitaji ruhusa nyingine ya kumwona mraibu kuwa si mtu.

Nchi yetu ilikwisha kuonja hofu ya namna hiyo. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti yake ilifikishwa bungeni mwaka 1999. Katika miaka hiyo wazazi wengi walitia kila kitu katika kapu moja: muziki wa kigeni, vito vya shingoni, migomo ya shule na utumiaji wa mihadarati, vyote vikaitwa ushetani. Mwanafunzi aliyehitaji mshauri alijikuta akishukiwa kuwa mfuasi wa ibilisi. Wangapi wangethubutu kujitokeza na kusema wanahitaji msaada?

Zimwi mtanashati

Wazee wetu walilijua jambo hili kuliko sisi. Tazama jinsi ngano zenyewe zilivyotungwa.

Katika ngano moja inayofahamika sana miongoni mwa Wakikuyu, zimwi haliji na makucha. Laja kwenye ngoma likiwa kijana mtanashati kupita wote, nywele zimechanwa vizuri, maneno matamu. Wasichana wanamgombania. Mmoja anamfuata hadi mbali na kwao, na ni huko ndiko anaponza kuona kwamba chini ya zile nywele nzuri, kisogoni, kuna mdomo wa pili. Kufikia hapo njia ya kurudi ni ndefu na usiku umeingia.

Je, kuna maelezo bora kuliko hayo ya jinsi mihadarati inavyomwingia kijana? Haiji na sura ya kifo. Yaja na rafiki mchangamfu mwenye viatu vipya, katika sherehe, pasipo malipo mara ya kwanza. Mdomo wa kisogoni huonekana baadaye.

Na tazama tena: katika ngano hiyo, msichana si zimwi. Alikosea, hakuwasikiliza wakubwa, lakini jamaa hawamkani. Wanamtafuta. Ngano nyingi za mazimwi huishia kwa ndugu au baba kulishinda zimwi na waliomezwa kutoka wakiwa hai. Mababu hawakutunga hadithi ambayo kijiji kinakusanyika kumpiga mawe aliyemezwa.

Kwa hivyo mtengenezaji wa filamu anayezitumia hadithi hizi kwa uaminifu ataweka kinyago cha zimwi mahali pake. Atamvisha muuzaji anayetabasamu. Atamvisha mwenye kiwanda bubu kinachochanganya methano gizani, na afisa anayepokea bahasha ili afumbe macho. Kijana mraibu atabaki na uso wake wa kibinadamu hadi mwisho, hata anapoiba televisheni ya mama yake. Hofu ya mtazamaji itakuwa ile hofu ya kweli kabisa: kumwona mtu unayempenda akitoweka kidogo kidogo huku ungali unaketi naye mezani.

Filamu nzuri pia haitaishia kaburini kila mara. Kutoka kwenye uraibu kunawezekana, na lazima kuonekane. Tangu Desemba 2014, kliniki iliyo katika hospitali ya Mathari jijini Nairobi imekuwa ikiwapa waraibu wa heroini methadoni, dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu na kuzuia arosto. Mwaka uliofuata huduma hiyo ilifika Pwani. Hapa Kiambu, mwaka 2018 serikali ya kaunti ilianzisha mpango wa Kaa Sober, uliowapa waliozama katika pombe kazi za mikono kwa malipo ya Sh400 kwa siku. Watu walibishana sana kuhusu pesa hizo, lakini ubishi wenyewe ulitufunza kitu: mraibu huhitaji matibabu na kazi kwa pamoja, kwani kimoja bila kingine hakitoshi.

Mkiwasha runinga

Mzazi afanye nini mwanawe anapokuja na filamu ya aina hii kwenye simu yake?

Kwanza, aulize imewekwa kiwango gani cha umri. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, filamu inayoonyeshwa kwa umma nchini hupitia Bodi ya Uainishaji wa Filamu, ambayo huitenga kulingana na umri: ya wote, ya kutazamwa kwa uongozi wa mzazi, ya miaka 16 na zaidi, au ya watu wazima. Kanda nyingi za kupokezana kwa simu hazijapitia huko. Mtoto wa miaka minane hana haja ya kuona mtu akijidunga sindano, hata kama mwisho wa filamu ni mafunzo.

Pili, kwa wale waliofikisha umri, atazame nao. Si kwa kusimama mlangoni mikono kiunoni, bali kwa kuketi. Filamu ikiisha, asianze mahubiri. Aulize: Yule kijana angeomba msaada kwa nani? Kwa nini hakumwambia mama yake? Wewe ungeniambia? Majibu ya swali la tatu yanaweza kumkosesha mzazi usingizi kuliko filamu yenyewe, lakini ni afadhali kukosa usingizi leo.

Tatu, ajue pa kwenda. NACADA ina nambari ya simu ya bure, 1192, ambapo mtu huzungumza na mshauri. Hospitali za umma zinaweza kumpokea anayetetemeka au anayeona visivyokuwapo. Huyo ni mgonjwa wa dharura, sawa na mwenye malaria kali. Asiachwe ajitoe mwenyewe.

Nao wanafunzi wenye ndoto ya kutengeneza filamu, wasingoje mfadhili wa kigeni. Waanze kwa kuwasikiliza nyanya zao na waliopona. Wawaulize waliopona jinsi ilivyokuwa, wafiche majina yao, na wasiongeze chumvi. Wahakikishe wana kibali cha kupiga picha. Na wasimwonyeshe mtazamaji namna ya kuvuta, kuchanganya au kudunga. Zimwi halihitaji kutangaziwa biashara.

Iko ngano nyingine ambayo watoto wa Kenya wamesimuliwa vizazi kwa vizazi. Mhunzi aliondoka nyumbani kwenda mbali kufua chuma, akamwacha mkewe mjamzito. Mke akajifungua, na zimwi likaja kujifanya mkunga. Likawa linapika chakula kizuri, linakileta mbele ya mzazi huyo, kisha linakila lenyewe huku yeye akikonda. Mama akaanika mbarika juani. Njiwa akaja kudonoa. Mama hakumfukuza. Alimpa ale ashibe, kisha akamtuma kwa mhunzi.

Wazazi wa Kiuu ni wahunzi. Hutoka alfajiri, hupanda matatu, hufua chuma cha watu jijini, na hurudi usiku watoto wamelala. Hawana hatia kwa hilo, chakula hakijileti. Lakini nyumbani kuna anayejifanya mkunga. Filamu iliyotengenezwa vyema na vijana wa mtaa inaweza kuwa yule njiwa, anayetua juu ya paa la karakana na kurudia ujumbe uleule hadi nyundo inyamaze. Mhunzi wa ngano alipousikia, alibeba mkuki wake na kurudi nyumbani. Alilichoma zimwi. Mkewe alimpa chakula.